Bluu tatu zinazofanana, chumba kimoja

Swali

Shikamoo mshauri.

Naishi Chuno, hapa Mtwara mjini. Baada ya mauzo ya korosho tumeamua kukamilisha chumba chetu cha kulala, ambacho tangu tuhamie kina rangi ya krimu. Mume wangu kaniachia kazi ya kuchagua rangi, na mimi nataka bluu nyepesi. Shida ni kwamba nimetoka dukani na vikadi vitatu na sasa siku zinakwenda sijui nishike kipi.

Kadi namba 1 ukiitazama peke yake ni bluu ya bahari safi kabisa. Namba 2 imepooza, kama imetiwa majivu. Namba 3 ndiyo niliyoipenda zaidi dukani, inang'aa na inachangamsha. Nikizipanga usiku kitandani zote tatu naona zinalingana. Mume wangu anasema ni rangi moja iliyopewa majina matatu. Fundi naye ananiambia, "Mama chukua yoyote, zikikauka zote ni sawa." Wifi yangu aliyeko Dar amenitumia makala inayosema chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, kwa hiyo bluu isiwekwe humo kabisa. Dirisha langu kubwa linatazama kaskazini, kwenye kibaraza, na mbele ya kibaraza kuna mwembe mkubwa na uwanja wa udongo mwekundu. Dirisha la pili liko mashariki.

Chumba kina mita 4 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.8. Madirisha mawili ni ya mita 1.5 kwa 1.2 kila moja. Mlango, kitanda na kabati ni vya mninga, sakafu ni vigae vya krimu, dari ni nyeupe, taa ni balbu ya LED ya mwanga mweupe. Chini ya dirisha la kaskazini rangi ya zamani inavimba na kutoa unga mweupe. Fundi anapendekeza tupige rangi ya mafuta ili ukuta uwe unafutika. Nichukue ipi, na ninunue kiasi gani?

Msomaji, Chuno, Mtwara

Jibu

Marahaba mama, na hongera kwa chumba.

Nianze na jibu, maana fundi anasubiri. Ya kujaribu kwanza ni namba 2, hiyo uliyoiona imetiwa majivu, na kwa maelezo ya chumba chako naitarajia ndiyo itakayobaki. Namba 3 iache. Namba 1 ni nzuri, lakini si kwa dirisha linalotazama mwembe. Ila usinunue ndoo kwa maneno yangu. Nunua kopo dogo, ufanye jaribio nitakaloeleza hapa chini.

Mume wako na fundi hawajaona vibaya. Bluu nyepesi karibu zote zikiwa kwenye kadi ya vidole viwili zinafanana, kwa sababu sehemu kubwa ya kila moja ni rangi nyeupe, na tone la bluu ndani yake ni dogo. Tofauti iko kwenye kile kidogo kilichochanganywa pamoja na hiyo bluu: kijani, kijivu au zambarau. Kadi inakificha, ukuta unakitoa. Mwanga ukigonga ukuta mmoja wa bluu unaondoka umeshabeba bluu, unagonga ukuta wa pili na kubeba nyingine, kisha wa tatu. Rangi inakolea kuliko kadi, na kilichofichika ndani yake kinakolea nayo. Ndiyo maana kadi inayong'aa dukani huwa inapiga kelele chumbani, na ile iliyopooza hugeuka bluu tulivu. Ukiwa na kuta nne za rangi moja, chagua kadi iliyo na ujivu kidogo kuliko unavyotamani.

Ili uone kila kadi inaegemea wapi, usizipange juu ya ukuta wa krimu wala juu ya shuka. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, toka nayo kibarazani saa nne asubuhi, kwenye kivuli, uziweke juu yake zote tatu zikigusana. Kwenye krimu kila bluu itaonekana ya bluu zaidi kuliko ilivyo, ndiyo maana nyumbani kwako zimekuchanganya. Zikigusana juu ya nyeupe, moja itaanza kuonekana ya kijani, nyingine ya zambarau, na iliyo katikati itaonekana ya kijivu. Kama kadi yako ni ule ukanda wenye rangi nyingi kutoka nyepesi hadi nzito, tazama ile nzito kabisa ya chini. Hiyo haiwezi kujificha. Ikiwa rangi ya chini ni ya maji ya bahari, basi hata nyepesi ya juu ina kijani. Ikiwa inakaribia wino wa zambarau, hivyo hivyo.

Kuna kadi zinazoandikwa namba za mfumo wa NCS wa Sweden, na hizo zinakuambia mwelekeo bila kubahatisha. Chukua mfano S 1020-B. Tarakimu mbili za kwanza, 10, ni kiasi cha weusi, mbili zinazofuata, 20, ni ukoleaji wa rangi, na B ni bluu tupu. Ukikuta R90B mwishoni, ni bluu yenye sehemu kumi kwa mia ya wekundu, yaani inaelekea zambarau. Ukikuta B10G, ina kumi kwa mia ya kijani. Duka lenye mashine ya kuchanganya rangi huenda likawa na kitabu cha namba hizi, kwa hiyo uliza.

Sasa hiyo makala ya wifi yako. Maelezo ya "dirisha la kaskazini ni baridi" ni ya kweli kwa watu wa Ulaya, kwa sababu huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima na dirisha la kaskazini halilioni. Mtwara tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la saa sita liko upande wetu wa kaskazini. Linahamia kusini miezi ile ya joto na mvua tu. Kwa hiyo dirisha lako kubwa liko upande wenye jua zaidi, na chumba chako si cha baridi hata kidogo. Bluu inafaa.

Lakini jua hilo haliingii ndani moja kwa moja, na hapa ndipo nyumba zetu za pwani zinapotofautiana na picha za kwenye simu. Hata Juni, jua linapokuwa chini zaidi mwaka mzima, saa sita mchana lipo nyuzi 56 hivi juu ya upeo. Paa la kibaraza linalikata kabla halijafika kitandani. Mwanga unaoingia chumbani kwako ni ule uliogonga kwanza uwanja na mwembe, ukaruka, ukapita dirishani. Unakuja umeshapakwa rangi. Udongo mwekundu unaleta mwanga wa joto, wenye wekundu kidogo. Majani ya mwembe yanaleta ukijani. Simama katikati ya chumba saa tano asubuhi, tazama dari nyeupe karibu na dirisha la kaskazini, halafu shika karatasi nyeupe ukiitazamisha dirishani. Utaona imechukua rangi ya nje. Mwanga huo ndio utakaoanguka kwenye rangi yako kila siku ya Mungu, na hakuna kadi ya dukani iliyouhesabu.

Ndiyo sababu namba 1 naihofia. Kwa ulivyoieleza, bluu ya bahari, yenyewe ina kijani, mwembe unaongeza kijani, na asubuhi jua la dirisha la mashariki, ambalo bado ni la njano, linasukuma zaidi upande huohuo. Kuta zilizo karibu na dirisha zinaweza kuonekana za kijani cha wodi ya hospitali. Namba 3, inayong'aa, naikisia ina zambarau, nayo inakutana na udongo mwekundu. Wekundu ukiingia kwenye bluu yenye zambarau, zambarau inajitokeza, hasa ukuta ulio mkabala na dirisha. Namba 2 ina kijivu, na kijivu kinapokea yote mawili bila kugeuka sana. Ingekuwa dirisha lako linatazama mchanga mweupe na bahari, kama baadhi ya nyumba za Shangani hapa Mtwara, ningekushauri ujaribu namba 1 kabla ya nyingine zote.

Usiku ni habari nyingine. Balbu nyingi za LED zenye mwanga mweupe zinazouzwa kwetu zimeandikwa 6500K kwenye boksi (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikipanda mwanga unaelekea bluu, ikishuka unaelekea njano). Mwanga huo una bluu nyingi, unapoza bluu ya ukutani na kuifanya kavu. Balbu ya 2700K ina njano nyingi, inavuta bluu kuelekea kijani au kijivu. Bluu yenye ujivu chini ya 6500K huweza kuonekana ya baridi, na hapo ndipo malalamiko ya "haina maisha" yanapotokea. Dawa yake ni balbu, si kubadili rangi ya ukuta. Tafuta ya 4000K, na kama boksi limeandikwa Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, iwe 80 au zaidi. Badili balbu kabla ya kufanya jaribio, la sivyo utachagua rangi kwa taa ambayo hutaitumia. Na kuzipanga usiku kitandani uache kabisa: rangi mbili tofauti zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana zikitoka nje.

Picha ya simu pia isikuamulie. Kamera hurekebisha weupe yenyewe kila unapopiga, kwa hiyo ukimtumia wifi yako picha tatu atapata bluu tatu ambazo hazipo popote.

Nyuma ya kadi, au kwenye kitabu cha duka, angalia namba ya LRV. Ni kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi, kutoka 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe. Kwa chumba chenye kibaraza, tafuta bluu iliyo kati ya 60 na 75. Ikishuka chini ya 50 chumba kitakuwa na giza mchana. Ikipita 80 utaona nyeupe iliyochafuka, na pesa ya kuchanganyisha rangi itakuwa imepotea bure.

Jaribio lenyewe ni hili. Nunua lita 1 ya namba 2, na kama moyo bado uko kwa namba 1, chukua nayo lita 1. Usipake moja kwa moja juu ya krimu. Tafuta vipande vya hadibodi, au karatasi nene nyeupe za manila, kila kimoja karibu sentimita 60 kwa 60. Paka mikono miwili, yaani mara mbili, acha ikauke kati ya mkono na mkono, na uache ukingo mweupe wa vidole viwili pembeni ili krimu ya ukutani isiyadanganye macho. Usihukumu ikiwa mbichi, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi na ya maziwamaziwa, kisha hukolea inapokauka. Siku ya pili simamisha kipande ukutani, kiwe wima, si mezani. Kihamishe: ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, ukuta ulio mkabala nalo, kona yenye giza karibu na kabati. Kitazame saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi alasiri, na saa mbili usiku taa ikiwaka. Ukuta wa kuangalia zaidi ni ule utakaouona ukiwa umelala.

Kitazame pia kikiwa kimegusa mlango wa mninga. Mninga una kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, na rangi hiyo ikikaa ubavuni mwa bluu huifanya bluu ionekane ya bluu zaidi. Kabati na kitanda chako vitaipa namba 2 uhai ule unaoukosa kwenye kadi. Vigae vya krimu havina shida, ila usimruhusu fundi apake krimu kwenye fremu za dirisha. Karibu na bluu yenye ujivu, krimu huonekana kama nyeupe iliyozeeka. Fremu zifuate weupe wa dari.

Ikiwa baada ya siku mbili unaona namba 2 ni sawa kwa mwelekeo lakini nzito, usikimbilie kadi nyingine. Omba duka lichanganye kwa nusu ya kipimo, yaani weupe uleule na nusu ya matone ya rangi. Kisha pima tena kwa kopo dogo.

Kuhusu rangi ya mafuta, mwambie fundi hapana. Rangi ya mafuta huwa ya njano kadiri muda unavyokwenda, na huanzia mahali pasipopata mwanga: nyuma ya kabati, nyuma ya pazia. Njano juu ya bluu nyepesi inazaa kijani. Ukija kuhamisha kabati utakuta umbo lake limechorwa ukutani. Zaidi ya hapo, inaziba ukuta wakati ukuta wako una unyevu wa kutoka, na matokeo yake ni malengelenge. Chukua rangi ya maji ya ndani, aina ya silki, yenye mng'ao kidogo, hiyo inafutika kwa kitambaa chenye maji bila tabu. Kama plasta yako ina mawimbi, chukua isiyong'aa yenye kuoshwa, kwa sababu silki huonyesha kila bonde na kilima mwanga unapoipiga kwa ubavu.

Huo unga mweupe chini ya dirisha ni chumvi, na bluu yoyote utakayopiga juu yake itakufa. Maji hupita kwenye ukuta, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye plasta, hutoka nayo juu, maji yanakauka chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: ufa chini ya kizingiti cha dirisha, maji ya paa yanayorukia msingi, udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ziba hapo. Kisha kwangua rangi yote iliyolegea, na uondoe unga kwa brashi kavu. Usianze kwa kuosha, maana utairudisha chumvi ndani ya plasta. Acha pakauke, piga brashi tena unga ukitoka, mpaka usitoke. Kama plasta ilichanganywa kwa mchanga wa baharini, chumvi yake itaendelea kunyonya unyevu wa hewa na kupiga brashi hakutatosha. Hapo bomoa plasta mpaka nusu mita juu ya doa, na upige nyingine kwa mchanga wa mtoni. Plasta mpya ikae wiki nne kabla ya rangi, kisha ipate praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia alikali, ule ukali wa simenti. Simenti mbichi ni kali, na inaua rangi nyepesi mapema.

Sasa kiasi. Mzunguko wa chumba ni mita 15, mara urefu wa 2.8, ni mita za mraba 42. Toa madirisha 3.6 na mlango kama 1.9, unabaki na 36.5. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliowahi kupakwa hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mkono mmoja ni lita 3.65, miwili ni lita 7.3. Nunua makopo mawili ya lita 4, yachanganywe dukani siku moja kwa fomula moja, na utabaki na kitu kidogo cha kuzibia. Ukuta mpya au wenye puti unanyonya zaidi, kwa hiyo upewe praima kwanza.

Kabla hujaondoka dukani, mwambie kijana wa mashine apake tone la rangi yako kwenye kadi, likauke, na ulilinganishe na kadi uliyoipenda mlangoni penye mwanga wa nje. Kwenye rangi nyepesi matone ni machache, kwa hiyo mdomo wa mashine ukiwa umeziba kidogo tu rangi inahama. Kopo likishatoka dukani ni vigumu kulirudisha. Nyumbani, mimina makopo yote mawili kwenye ndoo moja safi, koroga mpaka chini, kisha rudisha. Hata fomula moja hutofautiana kidogo kopo kwa kopo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta kama mstari.

Msimamie fundi kwenye maji. Mkono wa kwanza unaweza kupokea kama asilimia 10, yaani mililita 400 kwa kopo la lita 4, kama lebo inaruhusu. Mkono wa pili pungufu ya hapo. Akizidisha, bluu inakuwa na mabaka, na atakuambia inahitaji mkono wa tatu. Ukuta mmoja umalizwe bila kupumzika, kona kwa brashi na katikati kwa rola zikifuatana zikiwa bado mbichi. Akipaka kona zote nne za chumba kwanza, akaenda kula, kisha akarudi na rola, kila ukuta utakuwa na fremu nzito pembeni, na kwenye bluu nyepesi haijifichi. Kati ya mikono acha saa nne. Msimu wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, acha hadi kesho yake.

Rangi itakayobaki ihifadhi kwenye kopo dogo lililojaa, si kwenye kopo kubwa lenye hewa, na ubandike juu yake ile karatasi ya fomula kutoka dukani. Kitanda unaweza kukirudisha siku inayofuata. Kabati lisubiri wiki moja, na likae vidole vitatu mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake.